Mfuko wa Mbolea Ndani ya Jani la Mhindi
Protini zinazopasua maji kwa mwanga wa jua zinaweza kutoa haidrojeni. Kinachowasumbua wanasayansi ni kuzifanya zidumu.

Mvua zinapokaribia kuanza Songea, kati ya Novemba na Desemba, malori yanayotoka Makambako kupitia Njombe huwa na mzigo mmoja mkubwa: mbolea. Kwanza hushushwa mifuko ya DAP ya kupandia, na wiki chache baadaye hufuata urea ya kukuzia. Kutoka kwa mawakala wa mjini mifuko hiyo huendelea na safari hadi Madaba, Muhukuru, Namtumbo na Mbinga, mingine ikiwa imefungwa nyuma ya bodaboda. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa mahindi nchini, na wakulima wake wanajua vizuri kwamba shamba lililochoka, lisilotiwa naitrojeni, huishia kutoa mabua ya njano na magunzi mepesi.

Mwaka 2022 bei ya mbolea iliwashangaza hata waliozoea kupanda kwake. Vita vya Ukraine vilikuwa vimesukuma juu bei ya gesi asilia duniani, na mfuko wa urea ukapita shilingi 120,000, mpaka Serikali ilipoleta ruzuku iliyoushusha hadi 70,000. Kwa mtu aliyeko Namtumbo haikuwa rahisi kuona gesi ya Ulaya inahusiana vipi na mahindi yake.

Uhusiano wenyewe ni haidrojeni. Mwaka 1909 mkemia Mjerumani Fritz Haber alionyesha namna ya kuilazimisha naitrojeni ya hewani iungane na haidrojeni kuwa amonia, na mwaka 1913 Carl Bosch akaanzisha uzalishaji wa kiwandani kwa njia hiyo huko Oppau. Mpaka leo karibu kila mbolea ya naitrojeni duniani huanzia hapo. Naitrojeni haiuzwi, imejaa hewani. Haidrojeni ndiyo ya kugharamia, na kwa sehemu kubwa hutolewa kwenye gesi asilia kwa kutumia mvuke wa moto mkali. Nchini China hutolewa zaidi kwenye makaa ya mawe. Gesi ikipanda bei, amonia hupanda, na urea hufuata.

Hesabu yake haihitaji kompyuta. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na kutengeneza amonia ya kiasi hicho kunataka takribani kilo 5 za haidrojeni. Kilo hizo 5 zimo pia ndani ya lita 45 za maji, yaani madumu mawili ya lita 20 na lita 5 za nyongeza. Kazi ni kuyapasua maji hayo bila kuunguza kitu.

Kazi hiyo hufanywa kila siku ya jua na kila jani la kijani, likiwemo jani la mhindi ambalo mkulima analiwekea mbolea. Kwa zaidi ya miaka 50 sasa, maabara za Marekani, Ulaya na Japani zimekuwa zikizitoa protini zinazofanya kazi hiyo ndani ya mimea, au kuziiga, ili zitoe haidrojeni badala ya sukari. Zimefika mbali kuliko inavyodhaniwa. Kukamata mwanga si tatizo tena. Tatizo ni kuzifanya protini hizo ziendelee kuishi zikiwa nje ya jani.

Kazi inayofanyika ndani ya jani

Seli za jani zina vifuko vidogo vinavyoitwa kloroplasti, na ndani ya kila kloroplasti mna tabaka za utando mwembamba. Katika utando huo zimepachikwa protini mbili kubwa ambazo ndizo mhimili wa usanisinuru. Zinaitwa mfumonuru wa kwanza na mfumonuru wa pili, kwa kufuata zilivyogunduliwa, ingawa kikazi wa pili ndio unaoanza.

Mfumonuru wa pili ndio unaopasua maji. Kitovu chake ni fundo la atomi nne za manganisi, moja ya kalsiamu na tano za oksijeni. Sura ya fundo hilo ilionekana kwa undani mwaka 2011, timu ya Jian-Ren Shen na Nobuo Kamiya nchini Japani ilipochapisha picha yake iliyopatikana kwa eksirei. Chembe nne za mwanga zikishatua, fundo hilo huwa limezinyang'anya molekuli mbili za maji elektroni nne. Kinachobaki ni protoni nne na molekuli moja ya oksijeni, ile ile ambayo binadamu na mifugo huivuta puani.

Elektroni zilizopatikana hupokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine, kama matofali yanayorushwa na vibarua waliojipanga juu ya jukwaa, mpaka zinapofika mfumonuru wa kwanza. Hapo mwanga huzipiga kwa mara ya pili na kuzipa nguvu kubwa zaidi. Katika jani, nguvu hiyo huelekezwa kwenye kutengeneza sukari kwa hewa ya kaboni. Lakini kwa kanuni za kemia, elektroni zenye nguvu kiasi hicho zinaweza pia kuungana na protoni zikawa gesi ya haidrojeni. Zinachokosa ni kichocheo kilichokaa mahali panapofaa.

Hapo ndipo watafiti wanapoingilia. Wanataka kuacha jani lifanye kazi yake ngumu ya kupasua maji na kuzipandisha elektroni, kisha wazichepushe kabla hazijafika kwenye sukari.

Mchicha, spiriti na tochi ya simu

Kwa nini wajisumbue na protini nzima wakati klorofili ndiyo inayopokea mwanga? Jibu linaweza kuonekana kwa macho kwenye maabara ya shule yoyote ya sekondari. Fungu la mchicha kutoka sokoni hukatwakatwa, hutwangwa kwenye kinu, kisha hulowekwa katika spiriti, mbali kabisa na moto. Likichujwa kwa kitambaa hubaki maji ya kijani kibichi. Yakimiminwa kwenye glasi na kumulikwa kwa tochi ya simu ndani ya chumba chenye giza, anayeyatazama kwa ubavuni huona jambo lisilotarajiwa: kijani kinafifia na maji yanatoa mng'ao wa rangi ya damu ya mzee.

Mng'ao huo ni nishati inayopotea. Spiriti imezing'oa klorofili kutoka kwenye protini zilizokuwa zimezishikilia. Bado zinapokea mwanga kama zamani, ila hazina pa kuupeleka, kwa hiyo huurudisha nje ukiwa mwekundu na dhaifu. Jani zima likimulikwa vivyo hivyo, mng'ao wake ni hafifu mno kwa jicho la kawaida, kwa sababu sehemu kubwa ya nishati imeshapata njia ya kupita.

Njia hiyo hutengenezwa na protini. Huzipanga klorofili kwa umbali na mwelekeo maalumu, kiasi kwamba nishati hurukia kutoka moja hadi nyingine mpaka ifike kwenye kitovu. Mwaka 2001 wanasayansi walipochora sura ya mfumonuru wa kwanza wa sianobakteria, yaani bakteria anayefanya usanisinuru, anayeishi kwenye chemchemi za maji moto, walihesabu klorofili 96 katika kila kipande kimoja cha protini hiyo. Karibu kila chembe ya mwanga inayotua hapo huishia kusogeza elektroni moja. Ufanisi wa hatua hiyo unakaribia asilimia 100.

Upotevu huja baadaye, katika mlolongo mrefu wa kutengeneza sukari, kupumua, kukua na kujikinga na jua kali. Mahindi yamo kwenye kundi la mimea yenye usanisinuru wa hali ya juu, ambayo kinadharia inaweza kuhifadhi hadi asilimia 6 ya nishati ya jua. Shambani, mimea mingi ya chakula huhifadhi karibu asilimia 1 tu, au pungufu. Anayezichukua elektroni mapema, kabla mlolongo huo haujaanza, ana matumaini ya kuokoa sehemu ya kinachopotea.

Miaka 80 ya kulichepusha jani

Kwamba viumbe vya kijani vinaweza kutoa haidrojeni si habari mpya. Mwaka 1942 Hans Gaffron na Jack Rubin walieleza jinsi mwani wa kijani, ukinyimwa oksijeni kwa muda, unavyotoa gesi hiyo ukimulikwa. Mwani huo una kimeng'enya kiitwacho haidrojenesi, chenye chuma katika kitovu chake, kinachounganisha elektroni na protoni. Tabu ni kwamba oksijeni hukiua, na oksijeni ndiyo inayotoka maji yanapopasuliwa. Mwaka 2000 timu ya Anastasios Melis huko California iliukwepa mtego huo kwa kuunyima mwani salfa: upasuaji wa maji ukapungua, oksijeni ikaisha chomboni, na haidrojeni ikatoka kwa siku kadhaa kabla mwani haujadhoofika.

Wengine waliona ni afadhali kuachana na kiumbe hai na kuchukua viungo vyake tu. Mwaka 1973 John Benemann na wenzake, nao wakiwa California, walichanganya kloroplasti za spinachi na haidrojenesi ya bakteria wakapata haidrojeni kwa mwanga. Mwaka 1985 Elias Greenbaum wa maabara ya Oak Ridge, Tennessee, alikiweka kando kimeng'enya hicho dhaifu na kuzipaka kloroplasti za spinachi madini ya platinamu. Platinamu haiuawi na oksijeni.

Hatua kubwa zaidi zimekuja katika karne hii. Mwaka 2010 kundi la Barry Bruce katika Chuo Kikuu cha Tennessee lilitoa mfumonuru wa kwanza kutoka kwa sianobakteria wa maji moto na kuufungia platinamu kwenye ncha yake. Mchanganyiko huo ulitoa haidrojeni kwa zaidi ya siku 85, hata kwenye joto la nyuzi 55. Mwaka 2011 Lisa Utschig na wenzake wa maabara ya Argonne, karibu na Chicago, walionyesha kwamba chembe ndogo mno za platinamu hujishikiza zenyewe kwenye protini hiyo zikichanganywa nayo majini, kwa kuwa chaji za umeme za pande hizo mbili huvutana. Hakuna gundi wala kiwanda kinachohitajika.

Mifumo hiyo miwili ilikuwa na pengo moja ambalo vichwa vya habari mara nyingi huliruka. Elektroni zake hazikutoka kwenye maji. Zilitoka kwenye chumvi ya vitamini C iliyotiwa chomboni, ambayo huliwa na kuisha. Hiyo bado si nishati ya jua na maji; ni nishati ya jua inayosukumwa na kemikali ya kununua.

Mwaka 2018 pengo hilo lilianza kuzibwa kutoka pande mbili. Argonne waliacha kuitoa protini moja peke yake, wakachukua utando mzima wa kloroplasti za spinachi na wa sianobakteria, wenye mifumonuru yote miwili ikiwa bado imeunganishwa, na kuupachika platinamu. Mwaka huo huo, Katarzyna Sokół na kundi la Erwin Reisner la Chuo Kikuu cha Cambridge waliweka mfumonuru wa pili juu ya elektrodi yenye rangi inayonasa mwanga, wakauunganisha na haidrojenesi kwa waya. Maji yakapasuliwa kwa mwanga pasipo kusaidiwa na betri.

Njia iliyotumiwa na Argonne kuthibitisha kwamba elektroni zao sasa zinatoka kwenye maji ingemfurahisha bwana shamba yeyote. Walimwaga diuroni, dawa ya kuua magugu, na haidrojeni ikakata. Diuroni huua majani kwa kuziba tundu moja katika mfumonuru wa pili, mahali elektroni zinapotokea. Atrazini, iliyomo katika baadhi ya dawa za magugu zinazopuliziwa mashamba ya mahindi, huziba tundu hilo hilo. Magugu hufa, lakini mahindi hupona kwa sababu yana uwezo wa kuivunja dawa hiyo kabla haijafika kwenye kloroplasti. Mkulima anayepulizia atrazini Januari anakata kwa makusudi mkondo ule ule wa elektroni ambao maabara zinautafutia kazi mpya.

Nje ya jani hakuna matengenezo

Jani halidumu kwa sababu protini zake ni imara. Linadumu kwa sababu halichoki kuzitengeneza. Mfumonuru wa pili hufanya kemia kali kiasi kwamba hujiharibu wenyewe. Sehemu yake moja iitwayo protini ya D1 huvunjika, na chini ya jua kali jani huing'oa na kuweka nyingine mpya kwa muda unaoweza kuwa mfupi kama nusu saa. Kazi hiyo huendelea mchana kutwa katika kila jani la kila shamba.

Ukishaitoa protini kwenye jani na kuitia kwenye chupa, D1 ikivunjika hakuna wa kuibadilisha. Ndiyo sababu mifumo inayotumia mfumonuru wa pili huchoka mapema, wakati ile ya mfumonuru wa kwanza peke yake, ambayo haipasui maji, iliweza kufikisha siku 85. Sehemu inayohitajika zaidi ndiyo inayokufa haraka zaidi.

Kuna njia tatu zinazofuatwa kutoka kwenye mkwamo huo. Ya kwanza ni kutafuta protini sugu kutoka kwa viumbe vya mazingira magumu, kama alivyofanya Bruce. Afrika Mashariki imejaaliwa viumbe vya namna hiyo: maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, kuanzia Natron hadi Nakuru, yana spirulina, sianobakteria anayestahimili maji ya magadi makali na ambaye ndiye chakula cha flamingo. Mfumonuru wa kwanza wa spirulina umechunguzwa kwa miaka mingi kwa sababu hunasa hata mwanga mwekundu wa mbali ambao mimea mingi huuacha upite.

Njia ya pili ni kuirudisha mitambo yote ndani ya kiumbe hai, ili kijitengeneze chenyewe, na kukiunganisha na haidrojenesi kwa kubadilisha vinasaba vyake. Ya tatu ni kuondoa protini na kubaki na somo lake: kutumia madini na molekuli zilizobuniwa na binadamu ili ziige mpangilio wa jani.

Platinamu nayo ina mjadala wake. Ni adimu na ghali, na sehemu kubwa ya inayochimbwa duniani hutoka Afrika Kusini. Kwa sababu hiyo Argonne walijaribu pia vichocheo vya kobalti na vya nikeli kwenye utando wa sianobakteria, navyo vikatoa haidrojeni. Madini yote hayo mawili yamo katika mwamba wa Kabanga, wilayani Ngara.

Hesabu za paneli ya mita 100 za mraba

Iwapo protini bado hazijawa tayari, ile njia ya tatu imeshatoka nje ya maabara. Mwaka 2021 kundi la Kazunari Domen nchini Japani lilieleza mtambo wa mita 100 za mraba uliowekwa juani, wenye unga wa madini unaopasua maji moja kwa moja, na utando wa kuchuja haidrojeni kutoka kwenye oksijeni. Utando huo ni muhimu, maana gesi hizo zikichanganyika huweza kulipuka. Mtambo ulifanya kazi kwa miezi kadhaa. Ufanisi wake wa juu kabisa ulikuwa asilimia 0.76.

Sasa mtambo huo na uwekwe Songea. Tanzania hupokea kati ya saa za kilowati 4 na 7 za jua kwa kila mita ya mraba kwa siku. Songea, yenye mawingu ya masika marefu, na ipewe 5. Kwa ufanisi wa asilimia 0.76, mita 100 za mraba zitatoa gramu 114 hivi za haidrojeni kwa siku. Kilo 5 za mfuko mmoja wa urea zitapatikana baada ya mwezi mmoja na nusu.

Eneo hilo hilo likifunikwa kwa paneli za kawaida za silikoni, zenye ufanisi wa asilimia 20, na umeme wake ukapelekwa kwenye mtambo wa kupasua maji unaotumia saa za kilowati 50 hadi 55 kwa kila kilo ya haidrojeni, kilo 5 zitapatikana kwa siku tatu au nne, hata baada ya kutoa umeme unaopotea njiani. Hicho ndicho kiwango ambacho mfumo wowote wa protini utapaswa kukikaribia, ama uwe wa bei rahisi kiasi cha kufidia tofauti.

Vipi kuhusu kupikia? Swali hilo huja haraka katika mji ambao mkaa bado unauzwa kila kona, na wakati huu ambapo Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga kuifikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 una nishati inayolingana na kilo 2.3 za haidrojeni. Uzito huo ni mdogo, lakini ikiachwa bila kushindiliwa haidrojeni hiyo ingejaza chumba chenye mita 3 kwa kila upande. Kuishindilia kwenye mtungi kunahitaji shinikizo kubwa mno na chuma cha gharama. Jikoni kuna njia zilizo rahisi zaidi, umeme ukiwa mojawapo. Kwenye mbolea haidrojeni haina mbadala wa karibu, na haihitaji kusafirishwa: hutumika palepale inapotengenezwa, ikageuka amonia ambayo huhifadhiwa kwa shinikizo dogo kiasi.

Naivasha, Aswan na Kwekwe

Afrika ina historia yake katika kutengeneza mbolea kwa kupasua maji. Tangu mwaka 1960, kiwanda cha Kima huko Aswan, Misri, kilitumia umeme wa Mto Nile kupasua maji na kutengeneza mbolea. Sable Chemicals ya Kwekwe, Zimbabwe, ilifanya vivyo hivyo kwa miongo kadhaa hadi ilipouzima mtambo wake wa kupasua maji mwaka 2015. Viwanda hivyo viwili havikutaka gesi, ila vilikula umeme mwingi sana, na pale umeme ulipohitajika kwingine au bei yake ilipobadilika, hesabu zikakataa.

Karibu zaidi ni Naivasha, Kenya. Katika shamba la Morendat la Kenya Nut Company, kampuni ya Talus Renewables imejenga mtambo mdogo unaotumia umeme wa paneli za jua kupasua maji, kuchuja naitrojeni ya hewani na kuziunganisha kuwa amonia, ukiwa umebuniwa kutoa tani moja kwa siku. Kenya nayo ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023, katika mkutano wa viongozi wa Afrika kuhusu tabianchi uliofanyika Nairobi, na mbolea ikawekwa mbele katika matumizi yake.

Songea ina sababu za kuufuatilia mtambo kama wa Naivasha kwa makini. Mpaka mwaka 2018 mji huu uliishi kwa umeme wa mashine za dizeli, ukisaidiwa na maporomoko madogo kama ya Tulila katika Mto Ruvuma, ambako masista Wabenedikti wa Chipole wana mtambo wa megawati 5 na huiuzia TANESCO umeme. Ndipo njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako ilipofika na kuiunganisha Songea na gridi ya Taifa. Wakati huohuo, malori ya makaa ya mawe ya Mbinga yanapita barabara ya Tunduru na Masasi kuelekea bandari ya Mtwara. Makaa nayo yanaweza kutoa haidrojeni, kama China inavyofanya, lakini kwa moshi mwingi kuliko hata gesi.

Njia hiyo ya umeme ya Makambako ilijengwa kwa ufadhili wa Sweden kupitia shirika lake la maendeleo, Sida. Nchi hiyo hiyo ina moja ya makundi makongwe ya utafiti wa kuiga usanisinuru, lililoanzishwa mwaka 1994, ambalo Chuo Kikuu cha Uppsala ni kitovu chake. Uppsala pia ndiko ilikoanzia programu ya kimataifa ya sayansi ambayo kwa miaka mingi imesaidia utafiti wa vifaa vya nishati ya jua katika vyuo vya kanda hii, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kijana wa Ruvuma aliyefaulu kemia na anayetaka kuingia kwenye fani hii hana haja ya kuanza na njia isiyopitiwa na mtu.

Kiwanda cha aina ya Naivasha, kikijengwa leo na ushirika wa wakulima au mwekezaji katika ukanda wa mahindi wa Ruvuma, kingeanza na paneli za silikoni au umeme wa maporomoko. Kingetoa amonia na mbolea zake za nitrati kwa urahisi kuliko urea, kwa sababu urea hudai pia hewa ya kaboni, ambayo kiwanda kisichotumia gesi hakina. Mtambo wa kuchuja naitrojeni, kinu cha shinikizo na tangi la amonia ni vifaa vya muda mrefu. Siku protini zitakapokuwa tayari, kitakachobadilishwa ni sehemu ya mbele tu, ile ya kupasua maji.

Kwa anayefuatilia habari za maabara hizo, takwimu ya kutazamwa kwanza ni muda, kasi ije baadaye. Siku 85 za Tennessee zilipatikana kwa vitamini C, na paneli nzuri ya silikoni huuzwa na dhamana ya miaka 20 au zaidi. Mfumo wa protini utakaotoa haidrojeni kwa elektroni za maji pekee tangu mahindi yanapopandwa Songea mwezi Desemba hadi yanapovunwa Juni bado haujaripotiwa. Ukiripotiwa, maswali yatakayobaki yatakuwa ya bei na ya eneo, na hayo wahandisi wa mbolea wameyazoea.